Simu yako ina VoLTE, imefichwa tu

Kijana mmoja wa Bungoma ameniandikia wiki hii: "Dada, nikipigiwa simu intaneti inakufa na hotspoti inakatika, na kazi yangu yote ni ya mtandaoni. Ninunue simu gani?" Nimemjibu asinunue chochote, kwani huenda simu yake tayari ina VoLTE, yaani njia ya kupiga simu ndani ya 4G bila kukata intaneti, ila imefichwa. Jibu limekuwa refu hadi nimeona niliweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma mnatafuta riziki kwa simu kama mimi.

Mimi hufundisha Kiswahili kwa video nikiwa Kiamunyi, pembeni mwa jiji la Nakuru. Kwetu faiba haijafika, kwa hiyo bando la simu ndilo ofisi yangu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja Mjerumani, mtu mzima, mlipaji mzuri, anayeuliza maswali ya ngeli mpaka unafurahi. Shida ilikuwa moja. Shangazi akipiga tu, alama ya 4G juu ya kioo inageuka H+ (3G), mara nyingine E (2G), na uso wa mwanafunzi unaganda mdomo ukiwa wazi. Alivumilia sana. Mwishowe akaniandikia kwa adabu kwamba amepata mwalimu mwenye mtandao wa kuaminika. Ujumbe ule bado ninao. Unaniuma hadi leo kwa sababu hakuna mahali alipolaumu ufundishaji wangu.

Nikapeleka simu kwa fundi mjini. Akaifungua, akaifunga, akaniambia hizi simu za ex-UK, zilizotumika Uingereza, ndivyo zilivyo, antena yake haikutengenezewa Afrika. Akachukua pesa yake. Antena ile haikuwa na ubaya wowote, na nikipita karibu na duka lile moyo bado unachemka.

Niliyoyajua baadaye niliyatafuta mwenyewe, usiku, kwa bando langu. Mtandao wa 4G ulijengwa kubeba data. Ukipigiwa simu ya kawaida, kifaa kinalazimika kushuka hadi 3G au 2G ili sauti ipite. Ukiwa 3G data inajikokota, ukiwa 2G inasimama kabisa hadi mmalize kuongea. VoLTE hupitisha sauti ndani ya 4G yenyewe, kwa hiyo hushuki popote. Safaricom wanayo, Airtel wanayo. Kikwazo kiko mfukoni mwako: ukiweka laini, simu inasoma nambari ya mtandao, 639-02 kwa Safaricom au 639-03 kwa Airtel, kisha inatafuta kama mtandao huo umo kwenye orodha ambayo mtengenezaji ameidhinisha. Isipouona, swichi ya VoLTE haionyeshwi, hata kama kifaa kina uwezo wote. Simu iliyotengenezewa soko la Uingereza au Japani huenda haijawahi kuambiwa habari za Kenya.

Anza kwa kutazama mipangilio ya laini. Wengine mna swichi hiyo hapo na hamjawahi kuigusa. Kwenye iPhone imejificha ndani ya Voice & Data.

Simu yangu ni Redmi. Nilifungua mahali pa kupigia simu nikaandika *#*#86583#*#*. Hubonyezi kitufe cha kijani. Ukimaliza nyota ya mwisho, maandishi yote yanatoweka yenyewe, na chini ya kioo unapita ujumbe mfupi kwamba ukaguzi wa mtandao kwa VoLTE umezimwa. Usiirudie nambari hiyo kwa wasiwasi, kwani ukiiandika tena ukaguzi unarudi. Nilipoingia kwenye mipangilio ya laini, swichi ambayo haikuwepo asubuhi ilikuwa pale. Nikaiwasha, nikazima simu na kuiwasha, nikampigia shangazi huku video inacheza. 4G ilitulia, na shangazi nikamsikia kama amekaa sebuleni kwangu. Nilijivunia, na bado najivunia. Nilifanya kwa dole gumba kazi ambayo mtu aliniambia haiwezekani.

Wenye Android nyingine jaribuni *#*#4636#*#*, sehemu ya habari za simu, mkatafute VoLTE Provisioned mkaiwashe. Simu nyingine zimeifunga menyu hiyo, na hapo usilazimishe. Wenye Pixel, ambayo Google haiuzi rasmi hapa kwetu, kuna programu ya Pixel IMS inayofanya kazi kwa msaada wa Shizuku, programu nyingine inayoipa ruhusa, bila kuvunja ulinzi wa simu. Sasisho likija linaweza kuifuta kazi hiyo, kwa hiyo angalia tena baada ya kila sasisho.

Kwenye menyu hiyohiyo ya 4636 kuna mahali pa kuchagua aina ya mtandao, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Wengi hukimbilia LTE only (LTE ndiyo 4G) ili simu ing'ang'anie 4G. Ni nzuri, lakini VoLTE itangulie. Ukifunga 3G na 2G wakati VoLTE haijawaka, sauti haina njia ya kukufikia. Wateja wako watakuwa wanaambiwa mteja hapatikani huku wewe umekaa na data tele, unashangaa mbona leo kumetulia. Washa VoLTE, mwombe mtu akupigie, hakikisha 4G haishuki, ndipo ufunge.

Mnaoniuliza kuhusu intaneti ya bure na kubadilisha IMEI, ile nambari ya utambulisho wa simu, jibu langu ni hapana. Kubadilisha IMEI ni kosa kisheria Kenya, na hizo mbinu za kuiba bando sizifundishi hata kwa malipo. VoLTE ni haki yako, umeshailipia uliponunua simu na laini. Jifunze chombo chako cha kazi. Kaa nacho jioni moja, soma kila kitufe, kabla hujampelekea mtu mwingine pesa.

Na unapoenda kununua simu ya ex-UK au ya Japani, nenda na laini yako. Iweke hapohapo kaunta, fungua mipangilio, ujaribu kupiga huku data imewashwa. Muuzaji akikataa, maduka ni mengi.