Maswali ya Wasomaji: Sola nyepesi kwa mapaa ya makuti

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Huku Shela mapaa mengi ni ya makuti, na paneli za kioo ni nzito kuyawekea. Nimesikia habari za sola za plastiki, nyembamba za kukunjika. Mbona zinasemekana kutoa umeme mdogo, na wataalamu wanafanya nini kuziongezea nguvu?
— Msomaji, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu msomaji. Seli hizo huitwa seli za sola za kikaboni, yaani za maada zenye kaboni kama plastiki, na udhaifu wake umo katika maada yenyewe. Mwanga unapoipiga silikoni, maada ya paneli za kawaida, elektroni huwa huru karibu mara moja. Katika maada ya kikaboni, elektroni hubaki imeshikamana na tundu ambalo imeliacha, na jozi hiyo, iitwayo eksitoni, husafiri nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kabla ya kufa. Isipokuta ndani ya umbali huo mpaka wa maada nyingine ya kuivuta elektroni, nishati yake hupotea bure.

Ching Tang wa kampuni ya Kodak, Marekani, alieleza mwaka 1986 seli ya tabaka mbili, moja ya kutoa elektroni na moja ya kuipokea, iliyogeuza takriban asilimia 1 tu ya mwanga kuwa umeme. Katika miaka ya 1990 watafiti walizichanganya maada hizo mbili hadi zikaingiliana kama miyaa katika ukili, na mpaka ukawa karibu na kila jozi. Ikabaki kasoro ya kipokezi chenyewe, yaani ile maada ya kupokea elektroni: kilikuwa fulerini, molekuli ya kaboni yenye umbo kama mpira, ambacho hunyonya mwanga hafifu na ni vigumu kukirekebisha.

Hapo ndipo usanifu wa molekuli ulipofungua njia, na kwangu hii ndiyo sehemu ya kusisimua zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa China walitangaza kipokezi kiitwacho Y6, kilichoifikisha seli zaidi ya asilimia 15. Uti wa molekuli yake umepinda. Ncha zake zina atomi za florini, zenye mvuto mkubwa kwa elektroni. Ubavuni ina minyororo inayoifanya iyeyuke na kuzuia molekuli zisirundikane kupita kiasi, ilhali ncha hulaliana vya kutosha kuipitisha elektroni. Tena hunyonya hata sehemu ya mwanga usioonekana kwa macho, ulio ng'ambo ya mwekundu.

Sasa seli bora za maabara zimefikia asilimia 20 hivi, lakini nyingi ni vipande vidogo mno, na oksijeni, unyevu na miale ya urujuanimno huzidhoofisha, nalo joto huweza kuutenganisha ule mchanganyiko. Kwa hewa ya pwani yetu, naupima uimara kwanza, kisha asilimia. Ukiletewa sola ya aina hii, uliza dhamana yake ni ya miaka mingapi, kwani paneli za silikoni mara nyingi hudhaminiwa miaka 25 kwa uzalishaji wake. Kwa sasa nakushauri ununue silikoni, uisimamishe juu ya fremu ya boriti uani, mahali pasipofikiwa na kivuli, na makuti yako yasibebe mzigo.