Laptopu Kuukuu Haijafa: Ushauri kwa Anayetaka Kuhamia Linux

Mapema mwezi huu niliandikiwa na dada mmoja wa Kasese, hapa Uganda, mwenye duka la uchapaji na fotokopi. Laptopu yake ni HP EliteBook 8460p iliyotoka mwaka 2011, na fundi aliyemwendea amemwambia kwamba imefika mwisho, kwa kuwa usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali mashine hiyo. Aliniuliza kama aiuze kwa bei ya vipuri na kukopa fedha za kununua nyingine. Nilimjibu asikope. Najua wengi wenu mnaofungua vituo vya mafunzo au maduka kama lake mmesimama kwenye njia panda hiyo hiyo, kwa hiyo nalitoa jibu langu hapa kwa kirefu.

Fundi yule hakusema uongo kuhusu Windows 11. Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, ilhali 8460p ni ya kizazi cha 2. Hata hivyo, mashine kukataliwa na mfumo mmoja si sawa na mashine kuharibika. Prosesa yake ni ya biti 64, na ingali na nguvu ya kuandika barua, kutengeneza hesabu za duka, na kufungua tovuti ya URA, mamlaka ya mapato, kwa kivinjari. Kinachohitajika ni mfumo wa uendeshaji usiobagua umri wa mashine, na programu huria, zile zinazoruhusiwa kutumiwa na kugawanywa na yeyote, zimetupatia mifumo ya aina hiyo kwa miaka mingi, Linux ikiwa ndiyo ninayoipendekeza.

Mimi naishi Tororo, na Linux niliijulia katika kibanda cha intaneti nilipokuwa msaidizi, kabla sijamiliki kompyuta yoyote. Linus Torvalds alikuwa ameianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, ambayo hadi mwaka 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. CD ya namna hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango. Niliisakinisha katika mashine ambazo mwenye kibanda alikuwa ameshazisukuma chini ya meza, zikarudi kuhudumia wateja, nami kuanzia hapo nikawa na kazi ya kuheshimika.

Si kila mtu aliipokea kazi hiyo kwa furaha. Shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, ilikuwa na stoo yenye laptopu za msaada aina ya Dell Latitude E6420, zote zikiwa zimelemewa na virusi na mfumo mzito. Nilijitolea kuzihuisha bila malipo. Kiongozi wa shule akanijibu mbele ya walimu wenzake kwamba wanafunzi wake hawatafundishwa kompyuta za maskini. Maneno hayo bado yananiuma, na yananiuma zaidi kwa sababu mashine zile ziliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na watoto wakaendelea kujifunza kompyuta kwa kuchora kibodi daftarini. Laptopu za modeli ile ile nilizipata baadaye kwa watu binafsi, na leo ziko katika kituo cha vijana hapa mjini, zinafundishia uandishi na hesabu kila siku ya kazi. Nasema hivi kwa fahari, kwa maana nimeona vijana waliojifunza pale wakiajiriwa katika ofisi za mawakala wa forodha kule Malaba.

Sasa nije kwenye ushauri wenyewe. Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuijaribu mashine kabla ya kufuta chochote. Pakua Linux Mint, toleo jingine la Linux, yenye mazingira mepesi ya Xfce, ambayo katika mfululizo wake wa 22 itapata masasisho hadi mwaka 2029. Faili lake ni la karibu GB 3, basi lipakue mara moja kwa kifurushi cha usiku au kwa rafiki mwenye intaneti ya kudumu, kisha mgawane kwa flashi. Hakiki kwamba namba ya SHA256 ya faili lako, inayoonyesha kama limefika zima, inalingana na iliyo kwenye tovuti yao, kwa sababu faili lililokatika njiani husababisha makosa ambayo watu huilaumu laptopu bure. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, uwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo (F9 kwa HP nyingi, F12 kwa Dell na ThinkPad), nawe utapata mfumo mzima ukiendeshwa bila kugusa diski.

Ukiwa hapo usiharakishe. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, punguza mwanga wa skrini, bonyeza kila herufi ya kibodi, funga kifuniko ili mashine ilale, kisha ukifungue uone kama inaamka. Chomeka printa yako uchapishe ukurasa. Printa nyingi za HP hutambuliwa kwa urahisi kwa msaada wa programu ya HPLIP, lakini zipo nyingine zinazohitaji draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa) ya mtengenezaji, na kwa mwenye duka la uchapaji hilo ndilo linaloamua kama mtahama au mtasubiri. Fungua pia programu ya Disks usome afya ya diski. Ikikuambia kwamba sekta mbovu zinaongezeka, usisakinishe chochote katika diski hiyo, bali nakili kazi zako upesi na utafute nyingine.

Wi-Fi ndiyo inayowakatisha watu tamaa, hasa kwenye kadi za Broadcom ambazo draiva yake haimo ndani ya kiini cha Linux. Dawa yake iko mfukoni mwako. Unganisha simu kwa waya wa USB, ruhusu simu igawe intaneti, na laptopu itaipokea kama waya wa kawaida wa mtandao. Kisha fungua Driver Manager uipakue draiva inayopendekezwa.

Kuna jingine ambalo mafundi wengi hulipita. Katika laptopu ya umri huu betri ndogo ya saa kwenye ubao mama mara nyingi imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kikiona tarehe hiyo kinakataa tovuti kwa madai kwamba si salama, na masasisho nayo yanagoma. Watu hufuta mfumo na kuusakinisha upya, wakati tatizo ni betri ambayo fundi wa saa anaweza kuwa nayo dukani.

Kuhusu kumbukumbu, nitasema bila kuzunguka: RAM ya GB 2 inaiwasha Mint, lakini kivinjari chenye kurasa kadhaa kitaimaliza. Tafuta GB 4, na GB 8 kama mfuko unaruhusu. Laptopu hizi hutumia RAM ya aina ya DDR3 na nyingi zina nafasi mbili za kuichomeka. Diski ya kuzunguka ukiibadilisha kwa SSD (diski isiyozunguka, iliyo ya kasi zaidi) ya SATA ya inchi 2.5, mashine itakuwa kama punda aliyetuliwa mzigo. Fedha ikitosha kitu kimoja tu na tayari unayo GB 4, nunua SSD. Mashine za biti 32 zinahitaji njia nyingine, kwa kuwa Ubuntu na Mint zimeshaziacha, na Debian 13 ya mwaka 2025, toleo jingine la Linux, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Hizo zipeni Debian 12 au antiX, Linux nyepesi, na msitarajie video.

Kusakinisha kwenyewe hakuna la kusimulia. Nakili kazi zako kwanza mahali pawili, kisha ujibu maswali yanayoulizwa.

Kwa hati za wateja, LibreOffice inafungua faili za Word, lakini mistari inaweza kuhama kwa kukosekana kwa fonti. Sakinisha Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, na utumie Liberation Serif mahali pa Times New Roman. Kazi iliyokamilika itoe kwa PDF ili ifike kwa mteja jinsi ulivyoipanga.

Ndugu zangu mafundi, nina neno nanyi pia. Tuache kumwambia mjane au mwalimu wa kijijini kwamba mashine yake ni takataka kwa sababu tu hatukupenda kujifunza mfumo mwingine. Mtu huyo aliuza mbuzi au mahindi kuinunua. Na ukimsakinishia Linux, usimwachie nywila uliyoibuni wewe na kuondoka zako. Keti naye aandike barua yake mwenyewe, aihifadhi, aichapishe, na aendeshe masasisho akiwa na wewe pembeni. Kisha mwachie flashi ya kusakinishia pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kitufe cha kuwashia, nywila aliyoichagua, na jina la kila draiva uliyoiongeza.