Kiti cha mbele si dawa: vile nampangia binti yangu pa kukaa kwenye shoo

Wazazi wenye watoto wa macho hafifu, nyinyi mnaofika mapema kupigania safu ya kwanza, hebu nisikizeni, juu mimi nilikuwa kiongozi wenu. Binti yangu ana ualbino, saa hii ana miaka tisa, na kwa miaka kama mitatu hivi kila tukienda mahali kuna shoo wimbo wangu ulikuwa mmoja, mbele, mbele, hata kama ni kuongeza pesa. Sasa kuna siku tulienda sarakasi kwa ukumbi mmoja hapa Nakuru, nikalipa ya VIP, elfu moja mia tano badala ya mia tano, tukakaa karibu kugusa jukwaa na magoti, nikajiona mama wa maana. Taa zikawashwa. Zile taa kubwa za rangi zilikuwa zimeelekezwa sawasawa kwa watu wa mbele, na mtoto wangu akafunika macho na viganja, akainama hivyo mpaka mwisho. Saa moja na nusu. Tukitoka nje ananiuliza, "Mama, kwani walikuwa wangapi?"

Elfu tatu za watu wawili, na hajui walikuwa wangapi.

Kile nilikuwa sijafanya ni kujua yeye anaona vipi. Nilijua haoni vizuri, basi, nikafikiri dawa ya kutoona vizuri ni kusogea karibu. Mwenye alinifungua macho ni daktari, tulipompeleka kupimwa Sabatia kule Vihiga, tukiwa ushago kwa likizo. Watoto wengi wenye ualbino macho yao huchezacheza yenyewe kushoto kulia, wao huita nistagmasi, na wengi wao kuna upande mmoja ambao wakiangalia macho hutulia kidogo na ndo wanaona vizuri zaidi. Wangu hugeuza uso kulia halafu anaangalia na kona ya kushoto. Miaka yote hiyo nilikuwa namgombeza, "angalia mtu vizuri, unaringa nini?" na kumbe hapo ndo ananiona. Miwani anavaa na inasaidia, lakini haimalizi shida, juu kwa ualbino ile sehemu ya katikati ya nyuma ya jicho haikukomaa kama ya watu wengine, na hiyo hakuna kioo cha kuirekebisha.

Kwa hivyo sasa kiti chetu ni safu ya pili au ya tatu, upande wa kulia, yaani kulia kwako ukiwa umeketi unaangalia jukwaa. Hapo jukwaa lote linakuwa kushoto kwake, anageuza uso vile amezoea, shingo haiumi, na zile taa zinawapiga wa katikati. Kama wako hutulia akiangalia kulia, basi mpeleke kushoto. Rahisi hivyo, na hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Lakini usichukue kiti changu umpe mtoto wako bila kufikiri. Rafiki yangu wa Kakamega kijana wake ana glakoma, na yeye huona kama anachungulia kwa paipu, katikati anaona sawa lakini pembeni ni giza. Huyo ukimweka mbele ataona kiatu cha mchezaji mmoja. Anakaa nyuma kidogo, katikati kabisa, jukwaa lote likaingia kwa ile paipu yake. Na kama mtoto haoni kabisa, mambo ya karibu na mbali achana nayo, tafuta pahali sauti inafika safi kutoka pande zote mbili, mbali na lile spika kubwa linalotingisha kifua, na kiti cha kando ya njia ili mkienda chooni msikanyage watu kumi.

Nyumbani unaweza kujaribu. Weka mtu mwishoni mwa sebule ainue vidole, mtoto akae kushoto, kati, kulia, mbele, nyuma, umuulize. Sisi tulitumia jioni moja na binamu zake, wakageuza ikawa mchezo, na nikajua mambo mengi kuliko miaka tisa ya kubahatisha.

Haya, kupata hicho kiti sasa. Usingoje mpaka mlangoni. Soja wa mlangoni hana uwezo wa kukupa kiti na ana watu mia mbili nyuma yako. Mimi hupiga simu siku tatu nne kabla, naomba kuongea na mwenye anapanga viti, si mwenye anauza tiketi, halafu nikimaliza kuongea namtumia ujumbe WhatsApp ili iwe imeandikwa. Huwa hivi: "Habari. Jumamosi naleta mtoto wa miaka 9 mwenye uoni hafifu. Anatembea mwenyewe. Hahitaji VIP. Anahitaji safu ya 2 au ya 3, upande wa kulia ukiangalia jukwaa, kiti cha kando ya njia, pamoja na cha mzazi. Atavaa kofia ndani kwa sababu ya taa na anaweza kutumia simu kukuza picha, si kurekodi. Nitamuulizia nani nikifika?" Hiyo swali ya mwisho ndo ya maana zaidi. Ukifika na jina la mtu mambo yanafunguka, ukifika na malalamiko unaambiwa ngoja pale kando.

"Anatembea mwenyewe" nilianza kuweka baada ya kupelekwa mara mbili pale pa wheelchair, ambapo mara nyingi ni nyuma kabisa karibu na mlango. Mtu akisikia ulemavu anawazia magurudumu. Si Kenya peke yake, dadangu anaishi Florida na ana mtoto wa uoni hafifu pia, na kwenye bustani moja ya burudani kule Orlando aliomba msaada wa kiti akapelekwa safu ya nyuma ya wheelchair, mtoto asione kitu, ikabidi aeleze upya kwamba shida ni macho na si miguu. Lakini kuna vitu wenzetu wamefikiria. Kwa paki za Disney World unaenda ile ofisi ya kuhudumia wageni, unapewa kifaa kidogo na hedifoni kinachokueleza kinachoendelea kwenye baadhi ya shoo, na kuna pia vitabu vya breli, unaweka amana unarudishiwa.

Hiyo ya kuelezewa sikioni ndo niliiba. Mwaka jana tulienda shoo ya ASK, yale maonyesho ya kilimo, hapa Nakuru. Uwanja ni mkubwa, hata mimi na macho yangu mawili mazima naona mbwa wa polisi kama kuku. Tukampeleka baba yake kwenye uzio karibu na uwanja, sisi tukakaa kivulini, akapiga simu, binti akaweka hedifoni upande mmoja tu ili sikio lingine libaki na kelele za watu. Dakika tano za kwanza zilikuwa bure. "Eh! Ona! Ona huyo!" Baba, ona nini? Nikamwambia taja rangi, taja upande, taja kimefanywa nini. Basi akaanza, "mbwa wa kahawia, anatoka kushoto, mbio, amemshika jamaa mkono, hamwachi, anavutwa bado hamwachi," na ikafika mahali akasahau ako kwa simu akatangaza kama ni mechi ya Gor na AFC, watu wa pale kwenye uzio wakaacha kuangalia mbwa wakamwangalia yeye. Binti alicheka mpaka soda ikatokea puani.

Kwa shoo ya nje kama hiyo, kitu cha kwanza kuangalia ni jua, jukwaa baadaye. Michezo mingi mizuri ni mchana saa nane kwenda mbele, jua limeelekea magharibi, kwa hivyo tunakaa upande wa magharibi wa uwanja tulipe mgongo. Ukikaa ng'ambo ile nyingine, mtoto wa ualbino atafumba macho tu. Na msidanganywe na baridi ya Nakuru ya mwezi wa saba, tuko juu huku, karibu mita 1,850, jua linachoma hata kama umevaa sweta. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua kila baada ya masaa mawili hivi. Losheni yenyewe, kama mtoto amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, huwa inatolewa bure kupitia hospitali, uliza. Kuna wazazi wako kwa hii county wananunua bei ghali na hawajui. Na siku ya mheshimiwa kufungua shoo, usijaribu, nenda siku ya katikati ya wiki.

Kama anatumia darubini ndogo ya jicho moja, mfundishe mapema asiielekeze kwa jua hata kwa mchezo.

Kitu kingine hakina uhusiano na kiti lakini nakiweka. Kabla ya ng'ombe kupitishwa uwanjani tulienda mabandani asubuhi watu wakiwa wachache, nikamwomba yule kijana anayewachunga amruhusu binti ashike mmoja. Friesian mkubwa kama gari. Akapapasa pua imelowa, akapapasa masikio, akapata lile doa jeupe la paji la uso ambalo alikuwa anaweza kuliona akisogea, akalipima na mkono. Mchana wakipita mbali kule, yeye hakutaka maelezo ya wengine wote, ni moja tu alikuwa anauliza kwa simu, "Baba, wangu amefika?"

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa. Najua kwa kichwa. Sijawahi kuitoa mlangoni, naiweka tu mfukoni kama mwavuli.

Juzi kuna sarakasi inakuja Kisumu, nimepigia ukumbi mmoja huko. Mama alikuwa mpole sana, akanisikiza mpaka mwisho, nikamweleza safu, upande, taa, kofia, kila kitu. Akasema sawa mamii, tumekuandikia, wheelchair atakuja nayo ama tumtafutie?

Nikavuta pumzi nikaanza upya.