Mshumaa uliyeyuka au uliungua?

SWALI: Nafundisha sayansi kwa Kiswahili. Katika jaribio niliwataka wanafunzi watoe mfano wa badiliko la kiumbo. Mmoja akaandika: "Mshumaa uliwashwa, ukayeyuka mpaka ukaisha." Nikampa kosa. Akanijia na daftari: nta si huyeyuka? Na kitabu si kinasema kuyeyuka ni badiliko la kiumbo? Akaongeza kwamba karatasi ikiungua umbo lake nalo hubadilika, mbona hilo haliitwi la kiumbo? Nilikosa jibu la haraka. Tatizo hapa ni la sayansi au la Kiswahili?

JIBU: Mwalimu, sehemu kubwa ni ya Kiswahili, na mwanafunzi wako si wa kulaumiwa sana. Kitenzi alichokitumia sote tunakitumia hivyohivyo.

Nianze na hilo la umbo, maana hapo mtoto ana haki kabisa. Kwa msemaji wa kawaida umbo ni sura ya kitu: duara, pembe, wembamba, unene. Karatasi ikiungua, umbo limekwenda. Chumvi ikiingia majini, umbo limekwenda. Neno lenyewe halimsaidii kutofautisha. Walioandika vitabu walilibebesha mzigo mkubwa zaidi: kila kinachoweza kubadilika, iwe ukubwa, sura au hali ya yabisi, kimiminika na gesi, huku kitu chenyewe kikibaki kilekile. Barafu ni maji, mvuke ni maji. Majivu si karatasi: badiliko kama hilo, linalozaa kitu kingine, ndilo vitabu huliita la kikemikali.

Badala ya "kiumbo" utakuta pia "kimaumbile" na "kifizikia". "Kimaumbile" mimi nalikwepa. Humpeleka msomaji kwenye milima na mabonde, au kwenye mwili wa mtu. "Kikemikali" nalo lina dosari yake, kwa kuwa masikioni mwa wengi kemikali ni kitu cha ndani ya pipa lililochorwa fuvu. Mwanafunzi anayelisikia hivyo hatakubali kwamba maziwa kuchacha ni badiliko la kikemikali: nani ametia kemikali? Ningekuwa na uamuzi ningeandika "kifizikia" na "kikemia", yote mawili yakitokana na jina la somo. Ila kama kitabu cha darasa kinasema "kiumbo" na "kikemikali", fuata kitabu, usichanganye jozi. Na wakemee kidogo wanaoandika "mabadiliko ya kiumbe". Hilo nimelisahihisha hadi wino ukaniishia.

Sasa vitenzi. Kiswahili kilivitunga kwa kutazama kinachoonekana, si kinachotendeka ndani. Kitu kilichokuwa kigumu kikalegea na kutiririka, tunasema kimeyeyuka. Kilichokuwa kikitiririka kikashikana, kimeganda. Jicho limeridhika, mazungumzo yanaendelea. Sayansi inakuja baadaye na swali ambalo kitenzi hakikuulizwa tangu mwanzo: ni kitu kilekile bado?

Tazama "sukari imeyeyuka". Ndani ya kikombe cha maji, maana yake ni kwamba imesambaa majini na bado ni sukari; onja utaikuta. Baadhi ya vitabu hupenda kusema imemumunyika, na mchanganyiko wake ni mmumunyo. Napenda sana uteuzi huo, kwa kuwa kumumunya tunakujua tangu utotoni, pipi ikiisha taratibu ulimini bila kutafunwa. Lakini iweke sukari hiyohiyo kwenye sufuria kavu juu ya moto. Italegea na kutiririka, nasi tutasema tena imeyeyuka. Kisha itageuka rangi ya dhahabu, halafu kahawia, halafu nyeusi, na harufu yake itabadilika. Hapo imeshaanza kuvunjika na kuwa vitu vingine. Ukiiacha ipoe hupati tena sukari nyeupe. Sentensi ileile ya maneno mawili, mambo mawili tofauti.

Kuganda ni kugumu zaidi. Maji huganda yakifika nyuzi 0 za Selsiasi, nayo hutanuka kiasi cha asilimia 9, ndiyo maana chupa iliyojazwa hupasuka ndani ya friza. Mafuta huganda kwenye baridi. Yote hayo ni ya kiumbo: pasha moto kidogo, yanarudi. Lakini damu nayo huganda kwenye kidonda, na hiyo si baridi. Ni nyuzi za protini iitwayo fibrini zimejifuma juu ya jeraha. Maziwa huganda kwa sababu bakteria wametengeneza asidi, na protini za maziwa zikashikana. Saruji huganda hata ikiwa chini ya maji, jambo linaloonyesha kwamba haikauki bali inaungana na maji kikemia. Pasha moto damu, maziwa au saruji iliyoganda uone kama itarudi! Kitenzi ni kimoja, wala sioni haja ya kukibadilisha. Haja iko kwa mwalimu kuuliza "kimeganda kwa nini?" kabla ya kumruhusu mtoto ajibu.

Nikisema kurudi, tahadhari. Wengi hufundisha kwamba badiliko la kiumbo hurudi na la kikemikali halirudi. Kama kidokezo, linafaa. Kama kanuni, linavuja. Glasi iliyovunjika hairudi, na vipande vyake bado ni kioo. Betri ya simu nayo, kila ikichajiwa, hurudisha nyuma mabadiliko ya kikemikali.

Kuwaka pia kuna mtego wake, kwa kuwa mshumaa huwaka na balbu huwaka. Waya wa tangsteni ndani ya balbu ya zamani hung'aa kwa joto tu. Hauungui, maana oksijeni imeondolewa humo. Ukizima, waya ni uleule.

Hukuuliza kuhusu sifa, lakini mada hizi hufundishwa pamoja, na hapa sarufi yetu inatusaidia kuliko kawaida. Linganisha "petroli huwaka" na "petroli inawaka". Ya kwanza ni sifa: imo kwenye dumu, imetulia, haijaguswa na moto, na sentensi bado ni kweli. Ya pili ni badiliko, na pengine ni wakati wa kukimbia. Kiambishi hu- kinataja tabia ya kitu. -Na- kinataja tukio. "Chuma hushika kutu" ni sifa, "chuma kinashika kutu" ni badiliko, "chuma kimeshika kutu" ni matokeo. Hu- hakitakwambia kama sifa ni ya kiumbo au ya kikemikali, kwani "chuma huyeyuka" pia ni kweli, kwenye nyuzi 1,538 hivi. Tofauti ni kwamba baada ya kuyeyuka bado una chuma, lakini ukitaka kushuhudia kinavyoshika kutu lazima ukubali kukipoteza. Kutu si chuma kilichozeeka. Ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji.

Turudi kwa mshumaa. Nta iliyo karibu na mwali huyeyuka. Ile inayochuruzika na kuganda pembeni imepata badiliko la kiumbo na basi. Lakini nta nyingine hupanda kwenye utambi, ikawa mvuke, na mvuke huo ndio unaoungua. Uthibitisho ni rahisi. Zima mshumaa kwa pumzi, uone uzi wa moshi mweupe ukipanda. Huo ni mvuke wa nta uliopoa. Usogezee kiberiti kinachowaka upesi, hata kabla hakijagusa utambi, na mwali utaruka urudi mahali pake. Kisha shikilia glasi baridi juu ya mwali kwa muda mfupi: itapata ukungu. Ni maji, yaliyozaliwa hapo pamoja na hewa ya ukaa, wala hayakuwamo ndani ya nta.

Kwa hiyo neno lililomponza mwanafunzi si "ukayeyuka". Ni "ukaisha". Mshumaa ulioyeyuka tu usingeisha. Ungebaki kibonge kwenye kisahani, uzito uleule. Mwombe aandike upya: "Nta iliyeyuka, kisha ikaungua." Mimi ningempa alama ya kuyeyuka na kumnyima ya kuisha.