Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anaimba Alfabeti, Lakini Herufi Hazitambui

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka 4 na nusu. Anaimba alfabeti kuanzia A hadi Z bila kukosea, lakini nikimwonyesha herufi moja peke yake kitabuni, hunitazama tu usoni. Nilimnunulia daftari ili kila jioni tuandike mistari ya herufi, na sasa hata akiliona daftari lenyewe hulia. Nimekosea wapi?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Mama mpendwa, wimbo ule haukupotea bure, kwa maana umempa binti yako mfuatano wa majina ya herufi, nao utamfaa siku atakapoanza kutafuta maneno katika kamusi. Kusoma, hata hivyo, kunahitaji jambo jingine: mtoto atambue kwamba maneno anayoyasema kila siku yameundwa kwa sauti, na kwamba kila alama iliyoandikwa inasimama badala ya sauti fulani. Anayejua majina ya herufi peke yake akikutana na neno “baba” atalisoma “be-a-be-a”, neno ambalo hajawahi kulisikia, ilhali “baba” analijua tangu alipoanza kusema.

Kwa hiyo liweke daftari kando kwa majuma machache, uanze na masikio. Chezeni mchezo wa kutafuta: “Ninaona kitu kinachoanza kwa sauti mmm.” Atazame huku na huku mpaka aseme mlango, meza au mkono wake mwenyewe. Kisha naye akuulize wewe, kwa sababu ili atunge swali ni lazima kwanza aisikilize sauti ndani ya neno alilolichagua. Pigeni pia makofi kwa kila silabi ya jina lake, la kwako na la ndugu yake. Mkiendelea na maneno mengine mtaona kwamba M ya “mtu” inapata kofi lake peke yake, m-tu, lakini katika “mama” inaungana na irabu inayoifuata. Watu wazima wengi hatujapata kulitafakari jambo hilo, lakini mtoto anayepiga makofi hulihisi mikononi.

Herufi ya kwanza kumwonyesha iwe ile inayoanza jina lake, kwani hiyo anaiona kuwa mali yake. Baada ya hapo usifuate mpangilio wa wimbo. Chagua irabu A, I na U, kisha M na L, ambazo sauti zake zinaweza kuvutwa mdomoni kwa muda mrefu, halafu K. Kwa herufi 6 tu mtoto anaweza kusoma mama, kaka, kuku, kaa, lala, lia na lima. Hapa lugha yetu inatupendelea sana, kwa kuwa irabu zake 5 hazibadiliki sauti popote zinapoandikwa, na mtoto aliyekwisha kuziunganisha na konsonanti moja hupata silabi 5 kwa mpigo. Yaandike maneno ya kutenda, kama kaa, lala, lia na lima, kwenye vipande vya karatasi, uvikunje na kuvitia kikapuni. Achague kimoja, akisome kimyakimya, kisha atende alichokisoma, nawe ubuni ni neno gani. Mtoto anayejilaza sakafuni kwa sababu karatasi imemwambia alale ameelewa maandishi ni kitu gani.

Kilio chake, nakuomba, usikihesabu kuwa ukaidi. Misuli ya vidole vya mtoto wa umri huo bado haijakomaa kwa kujaza mistari ya herufi ndogo, na kumlazimisha humfundisha kwamba herufi ni adhabu. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitumia herufi zilizokatwa kwa msasa na kubandikwa kwenye vibao. Mtoto alizipapasa kwa vidole akifuata mwelekeo wa kuandika, huku akitamka sauti yake. Unaweza kutengeneza za kwako kwa msasa na kadibodi, au umpe sinia lenye mchanga mkavu achore kwa kidole. Dakika 10 kwa siku zinatosha, na ni vizuri mchezo uishe angali anautaka.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto wangu kadhaa wenye miaka 5 na 6 huchanganya b na d kila siku, na wazazi wao wanahofia kwamba wana tatizo la akili. Niwaambie nini?

JIBU: Mwalimu, waambie kwamba jambo hilo ni la kawaida kwa watoto wanaoanza kusoma, na linaweza kuendelea hadi umri wa miaka 7 hivi. Tangu kuzaliwa mtoto amejifunza kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake uelekee kulia au kushoto. Herufi ndizo vitu vya kwanza vinavyobadilika kuwa kitu kingine kwa kugeuzwa tu. Usizifundishe mbili hizo katika juma moja: b ikae kwanza mpaka izoeleke, ndipo d ifuate. Tofauti yake iwe ya mwendo wa mkono kuliko ya macho, yaani b inaanza kwa mstari unaoshuka, na d inaanza kwa tumbo. Waandike hewani kwa mkono mzima, tena kwa ukubwa, wakitamka. Mtoto aliyevuka umri huo na ambaye pia hupata shida ya kutenganisha sauti katika maneno anayoyasikia, huyo apelekwe kwa mtaalamu bila kungojea.

SWALI: Mjukuu wangu anajifunza herufi kwa programu ya simu. Je, inatosha?

JIBU: Babu mheshimiwa, kwanza isikilize wewe mwenyewe. Programu nyingi hutaja herufi kwa majina ya Kiingereza, ambamo E huitwa “ii” na I huitwa “ai”. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili akisikia “ii” ana haki ya kuandika I, kisha anaambiwa amekosea. Ikiwa inatamka sauti za Kiswahili, itumie kwa muda mfupi nawe ukiwa karibu, umuulize anachokiona na neno jingine linaloanza kwa sauti hiyo. Simu haiwezi kulisikiliza jibu lake kama unavyolisikiliza wewe, wala haijui kwamba herufi aliyoigusa sasa hivi ndiyo inayoanza jina lako.