Ndugu zangu, acheni puti mkiani

Jumamosi kijana mmoja wa karakana yetu aliniita nikaone usukani wa mkia wa ndege ya sarakasi anayoijenga. Umepakwa rangi mara tatu, umepigwa msasa hadi mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake, na katikati kachora nyota nyekundu. Nikamuuliza una kilo ngapi. Akacheka. "Mzee, huu ni usukani tu." Nilirudi nyumbani nimenuna, na nimekaa kuandika kabla hasira haijaisha, kwa sababu ikiisha nitaanza kuwabembeleza, nanyi mmebembelezwa vya kutosha.

Sielezi lupu ni nini wala G ni nini. Mnajua, tena mnajua kuliko tulivyojua sisi wakati wetu. Ndiyo maana makosa yenu yananiuma: ni yaleyale.

1. Usibuni. Jenga.

Kila anayeingia ana mchoro wake kwenye daftari. Funga daftari. Ndege nafuu ya sarakasi ilishabuniwa, tena na watu wasiokuwa na hela kama wewe. Curtis Pitts alirusha Pitts Special ya kwanza mwaka 1944, aina ya kijindege ambacho baadaye rubani Betty Skelton alikifanyia maajabu kwenye maonyesho na mashindano huko Marekani. Lamar Steen alikuwa mwalimu wa sekondari, na Skybolt yake ilianza kama kazi ya wanafunzi darasani. Dan Rihn alipochora One Design alitaka kitu kimoja: kiti kimoja, bawa la mbao, fremu ya mabomba ya chuma cha 4130, injini ya kawaida ya nguvu farasi 160, na wote waruke na ndege ileile ili washindane marubani na si mifuko. Ramani za namna hii zimeshajengwa na wengine na zimeshakosolewa angani.

Halafu anatokea mtu mwenye miezi minne karakanani anataka kurefusha bawa "kidogo tu" ili ndege itue polepole. Bawa refu linafanya roli, ule mzunguko wa kubiringika ubavu, iwe ya uvivu, na mkunjo unaobebwa na boriti kuu pale shinani unaongezeka. Ongeza sentimita 30 kila upande na tayari umebuni ndege mpya, na rubani wa majaribio ni wewe. Mtu wa miezi minne ninayemsema nilikuwa mimi. Fundi aliyenilea alichukua penseli yangu, akaivunja, akanirudishia vipande viwili bila neno. Nilivihifadhi. Tutavikuta mbele.

2. Ile 9 si yako.

Kategoria ya sarakasi inaishia G +6 na −3, yaani mara sita ya uzito wake, na mara tatu kwa upande wa kinyume. Juu ya hapo kuna kigezo cha usalama cha 1.5, ndipo unaposikia watu wanasema "inastahimili 9". Zile G tatu za katikati zina wenyewe: ni za gundi uliyochanganya siku ya unyevu, za ubao wenye fundo ulilojifanya hukuliona, za kiungo ulichochomelea usiku ukiwa na njaa. Zikishagawanywa kwa wenyewe, wewe hubakiwi na kitu.

Kila siku ya gundi, gundisha vipande viwili vya ziada, na vikishakauka vivunje kwa nyundo. Mbao ikipasuka, endelea. Gundi ikiachia, ng'oa kazi ya siku ile yote, hata kama ni mbavu kumi na moja za bawa na mkeo amekuja kukusaidia kuzishika.

3. Unafuu.

Okoa kwenye injini iliyotumika, ila kagua krankishafti kwanza. Okoa kwenye vyombo: kipima mwendo, kipima mwinuko, kipima G, dira na vipimo vya mafuta vinatosha. Okoa kwenye mifumo ya kuruka kichwa chini, kwa sababu lupu (duara la wima), roli ya pipa na mengi mtakayofanya miaka miwili ya kwanza ni G chanya, na injini ya O-320 yenye kabureta itawavumilia. Usiokoe kwenye bolti. Bolti za AN, zile za viwango vya ndege, au kaa chini. Tundu likae mbali na ukingo, angalau mara mbili ya kipenyo cha bolti. Nati ya nailoni haiingii kwenye kiungo kinachozunguka. Hapo ni nati ya taji na spliti pini, na spliti pini ikishakunjuliwa haitumiki tena. Mnanisikia? Haitumiki tena. Wiki iliyopita nimekuta mmoja wenu anainyoosha kwa koleo.

4. Mizani.

Hapa naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe naona aibu kulisema.

Karatasi yangu ya uzito ilikuwa nzuri. Niliipiga chapa nikaifunga kwa plastiki. Ndege tupu kilo 340, kitovu cha uzito, pale ndege inapolingana mbele na nyuma, sentimita 17 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Upana wa bawa, ukingo wa mbele hadi wa nyuma, sentimita 125. Rubani kilo 77, anakaa sentimita 105 nyuma ya ukingo huohuo. Tangi lita 50, kilo 36, sentimita 10. Jumlisha, gawanya: kitovu kinaangukia sentimita 31, yaani asilimia 25 ya upana wa bawa. Kikomo cha nyuma kilikuwa asilimia 29. Nafasi tele. Nikalala usingizi.

Sasa tazameni uongo ulivyopangwa vizuri. Rubani wa kilo 77 ni yule wa pauni 170 wa vitabu vya zamani. Mimi nilikuwa kilo 89, na parachuti langu kilo 8. Baada ya kupima nilibadilisha gurudumu la mkia, kwa kuwa la kwanza lilikuwa linatetemeka, nikaweka kubwa zaidi. Baada ya hapo nikapaka puti kwenye usukani na kwenye kiungo cha mkia, kwa sababu kulikuwa na mabonde na mimi nilikuwa na maringo. Gurudumu na puti na rangi: kilo 2, zimekaa mita 4 nyuma ya bawa. Sikupima tena. Nilijiambia ni kilo mbili tu kwenye ndege ya kilo mia tatu na arobaini.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi, na ndilo mnalolifanya karibu wote: nilipiga hesabu tangi likiwa limejaa. Tangi liko mbele yangu. Mafuta yakipungua, kitovu kinarudi nyuma, maana kinachobaki ni mimi na tumbo langu.

Ndege iliniambia. Baada ya nusu saa ya kuruka stiki ilikuwa inalainika, navuta lupu kwa vidole viwili. Nikawaringia wenzangu kwamba nimejenga ndege tamu. Trimu, ile ya kupunguza mzigo wa stiki mkononi, nilikuwa naisogeza kushusha pua kila safari, mwishoni ikagota. Hata hilo sikujiuliza.

Siku hiyo nilikuwa nimeruka karibu saa nzima, zimebaki lita kumi au pungufu, nikasema nimalizie na spini moja ya kushoto, ule mwanguko wa kuzunguka, mizunguko mitatu, kutoka futi 5,000. Kwenye paneli nilikuwa nimepaka mstari mwekundu kwenye kipima mwinuko, futi 3,000. Chini ya mstari huo, kama bado unazunguka, unaruka na parachuti. Nilijiapia hivyo mbele ya watu.

Mizunguko mitatu ikaisha. Pedali ya kulia hadi mwisho, stiki mbele. Ndege ikaendelea. Mzunguko wa nne, wa tano. Pua, badala ya kutazama chini, ikaanza kuinuka kuelekea upeo wa macho, na mlio wa upepo ukapungua. Wanaojua wanajua ukimya ule unasema nini. Nikasukuma stiki kwa nguvu zaidi, na katika hofu nikaisukuma mbele na kulia, eleroni, zile bapa za bawa za kubiringisha ndege, ikaenda kinyume na spini, ikazidi kulala bapa.

Kisha nikaona mshale unapita mstari mwekundu. Nataka mlielewe hili vizuri: niliuona. Sikuwa nimechanganyikiwa. Niliutazama mshale ukipita 3,000 na nikaanza kufikiria miaka sita. Nilifikiria bawa la kushoto nililolijenga mara mbili. Nilifikiria kwamba haina bima. Mkono wangu haukwenda kwenye mkanda wala kwenye kifuniko cha kioo. Nilikaa ndani ya ndege inayoanguka kwa sababu niliijenga mimi.

Kilichoniokoa ni kwamba nilichoka. Stiki niliiachia, si kwa maarifa, kwa kukata tamaa, mguu ukabaki kwenye pedali. Mkono uliobaki bila kazi ukagusa throtili ya injini ukakuta iko wazi upana wa kidole. Nikaivuta hadi mwisho. Mizunguko miwili zaidi, pua ikaanguka, spini ikakatika, nikavuta taratibu nikiogopa stoli ya pili, bawa kushindwa kubeba, na nikajikuta futi 1,000 na kidogo, nasikia injini ikikohoa kama mzee aliyeshtuliwa usingizini.

Baadaye nilijua kwamba kukata nguvu, kuachia stiki na kukanyaga pedali ya kinyume ndiyo njia iliyotangazwa na Eric Müller na Gene Beggs. Ijifunzeni, na mwalimu, kwenye ndege yenu. Si kila ndege inaitii, na kitovu kikirudi nyuma vya kutosha hakuna njia yoyote inayotiiwa.

Kesho yake nilipima tena. Mwenye parachuti mgongoni, gurudumu jipya, puti, lita kumi. Sentimita 37.7, asilimia 30. Nilikuwa sentimita moja na nusu nje ya kikomo, na zaidi ya sentimita sita nyuma ya karatasi yangu ya plastiki. Hakuna kilichovunjika na hakuna fundi wa kumlaumu. Namba zote nilizitaja mimi.

Kwa hiyo: pima ndege ikiwa sawa kwa pima maji, mkia umeinuliwa, mizani tatu, milango ya hangari imefungwa upepo usiingie. Jipime wewe na viatu na parachuti. Piga hesabu mbili, tangi limejaa na tangi limekaribia kukauka. Kilichoongezwa chochote nyuma ya kiti kiandikwe siku hiyohiyo, hata stika. Kilo moja mkiani inaweza kudai kilo tatu au nne za risasi puani ili kuirudisha, na hapo ndipo ndege nafuu na nyepesi inapogeuka kuwa tofali.

5. Eleroni na eleveta (bapa la mkia la kupandisha na kushusha pua) zikipakwa rangi, zipimwe mlingano upya kabla ya kuruka. Rangi inakaa nyuma ya bawaba, na tetemo likianza kwenye mwendo mkubwa linamaliza kazi kabla hujatamka jina lake.

6. Mrija unaoning'inia tangini kwa ajili ya kuruka kichwa chini huwa mgumu ukizeeka. Ufunguliwe, ukunjwe kwa mkono, ubadilishwe. Basi.

7. Vitu vinavyoelea.

Siku ya kwanza mtakapogeuza ndege kichwa chini, karakana nzima itawajia usoni. Unyoya wa brashi, vumbi la msasa, vichwa vya ribiti, mbegu za tunda mlilokula mwaka juzi. Hayo ni ya kucheka. Ya kutocheka ni spana, kwa sababu spana ikiteleza mkiani inakaa kwenye bomba la eleveta, na hapo stiki ina upande mmoja tu. Hesabu zana kabla hujafunga kifuniko chochote, na moja ikikosekana hakuna kuruka, hata kama wageni wamekuja. Mimi nilishafumua kitambaa cha tumbo la ndege nikitafuta bisibisi ambayo ilikuwa mfukoni mwa koti langu la mvua. Sijutii. Kitambaa kinashonwa.

Na katika roli yangu ya kwanza kabisa ya polepole, nikiwa nimening'inia kwenye mikanda, kilitokea chini ya kiti kipande cha penseli, kikaja taratibu kikatua kwenye kioo juu ya kichwa changu. Nusu moja ya ile penseli. Fundi alikuwa ameshafariki wakati huo. Niliiacha ipige kioo tik tik hadi nilipogeuza.

Nilikuwa nimeandika namba 8 kuhusu mikanda ya pointi tano, lakini mnajua, na kama hamjui mtajua mara tu mtakapoangukia kwenye kioo.

Leo nilirudi karakanani. Yule kijana alikuwa anakwangua. Hakunisalimia, kanuna kama nilivyonuna mimi. Nilichukua msasa nikakaa upande wa pili wa usukani. Tulipomaliza tulikusanya vumbi kwenye gazeti tukaliweka kwenye mizani: gramu 640. Aliiangalia ile namba kwa muda mrefu, akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi lenyewe, mara mita nne. Kisha akauliza kama nyota inaweza kubaki.

Nikamwambia nyota ibaki, tabaka moja.