BIOS Ikikukatalia, Mtafute Mwenye Ufunguo

Juzi msomaji wa Wete ameniandikia kuhusu BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla Windows haijaanza: "Kaka, laptopu yangu inataka sasisho la BIOS. Nikikubali inajizima, inawaka, toleo ni lile lile. Ndani naona imewekwa nywila ya msimamizi. Niifungue nichomoe betri?"

Usichomoe, ndugu yangu. Mimi nilichomoa.

Ilikuwa laptopu ya ThinkPad iliyotumika, imeshuka na kontena kutoka Ulaya, mteja kainunua Darajani. Nikatoa mfuniko wa chini, nikachomoa ile betri ndogo ya saa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi tarehe imepotea, nywila ipo pale pale. Nikarudia tena, na tena. Siku ya tatu mteja akaichukua mashine yake, akaniambia mbele ya watu kuwa nimemharibia. Sikumharibia kitu. Lakini neno lile bado linaniuma.

Baadaye ndiyo nikajua. Kwenye ThinkPad nywila ya msimamizi imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri ile. Ikisahaulika, mtengenezaji mwenyewe anasema mazabodi ibadilishwe. Tena upande wa usalama, humo humo kwenye BIOS, mna kipengele kinachoamua nani asasishe: kikiwashwa, mtumiaji yeyote, kikizimwa, mwenye nywila peke yake. Maofisi hukizima makusudi, maana anayeichezea BIOS keshaingia chini ya Windows, pahala ambapo antivairasi haioni vizuri. Kompyuta zikiuzwa, kufuli huja nazo.

Mwaka jana ikaniangukia nyengine ya namna ile ile. Safari hii bisibisi sikuigusa. Nilimbana muuzaji mpaka akanipa namba ya aliyeileta, naye akawaandikia wenyewe wa mwanzo. Siku nne, nywila ikaja. Nikabonyeza F1 kabla Windows haijaanza, nikaiingiza, nikakiwasha kile kipengele, na sasisho likapita kabla ya adhuhuri. Najivunia kazi ile kuliko mazabodi zote nilizowahi kuchomelea.

Kabla ya kuanza, sitisha BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga data za diski, la sivyo mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Chaja ichomekwe na betri iwe na moto wa kutosha, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, kompyuta inaweza isiwake tena. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tusihitaji kukumbushwa.

Mafundi wenzangu, tuache kukimbilia bisibisi. Tuulize kwanza mashine imetoka kwa nani. Nanyi wauzaji, mnamuuziaje mtu nyumba na ufunguo anao mwengine? Mwambieni kabla hajatoa pesa, nayo ni haki yake.

Nikamuuliza yule wa Wete laptopu kaipata wapi. Akajibu: "Kaniletea shemeji, kutoka Dubai."

Basi mpigie shemeji leo, akiwa bado anamkumbuka aliyemuuzia.